Binti yangu anataka kucheza kama Sudha Chandran: mguu wa bandia utaweza?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu wa miaka 13 aligongwa na bodaboda mwaka jana, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa ngoma wa kutegemewa shuleni kwao. Miezi mitano iliyopita alipewa mguu wa bandia. Mwanzoni aliupenda, sasa ameusukumia uvunguni. Anasema unacheza-cheza, unamuumiza chini ya goti, na akivua kiatu anasikia kama anavutwa nyuma. Usiku analia kwamba vidole vya mguu ambao haupo vinamuwasha. Shangazi yake anasema hayo ni majini. Tumeona kwenye simu habari za yule mama wa tamthilia ya Kihindi ya Naagin, Sudha Chandran, kwamba naye hana mguu mmoja lakini alicheza mpaka akaigizia filamu. Mtoto anaangalia video zake mpaka bando linaisha. Ni kweli au ni mambo ya filamu tu? Mguu wake ni wa aina gani? Shemeji anataka tuuze kiwanja tumpeleke India. Tena anamwambia mtoto avumilie maumivu, maana yule mama alicheza damu zikimtoka."

Marahaba, dada, na poleni sana kwa yaliyowapata. Nikwambie kwanza kwamba mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtengenezaji wa viungo bandia. Kazi yangu ni kupima vigutu, kuunda miguu na kuirekebisha mpaka mwenyewe atembee bila kuiwaza. Umeuliza mambo mengi kwa mkupuo, ila nikiyasoma naona hofu moja: unaogopa mtoto ameshika tumaini lisilo la kweli, na kwamba wewe mama yake ndiye utakayelazimika kumnyang'anya. Hutalazimika. Sudha Chandran hana mguu wa kulia kuanzia chini ya goti, kweli kabisa, na alicheza kweli. Mtoto aliyekatwa mahali alipokatwa binti yako anaweza kurudi kwenye ngoma. Shida ni kwamba habari ya Sudha inavyozunguka kwenye simu imekatwa vipande vya katikati, na humo ndimo lilimo jibu la mguu ulioko uvunguni.

Sudha alikulia Mumbai, katika familia yenye asili ya kusini mwa India. Alianza kufundishwa bharatanatyam, densi ya kale ya huko kusini, akiwa mdogo sana, na kufikia umri wa binti yako alikuwa ameshazoea jukwaa. Mei 1981, hata miaka 17 hajatimiza, alikuwa kwenye basi na wazazi wake katika jimbo la Tamil Nadu, karibu na mji wa Tiruchirappalli, basi likapata ajali. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: ajali yenyewe haikumkata mguu. Aliumia mguu, na palikuwa na kidonda kidogo karibu na kifundo. Kidonda hakikushughulikiwa inavyopaswa, mguu ukafungwa hogo, yaani plasta ngumu ya P.O.P., juu yake. Ndani ya hogo nyama ikaoza. Hospitali nyingine ilipokuja kufungua, lililobaki lilikuwa kuukata mguu ili aokoke.

Nakaa kidogo hapo kwa sababu ni jambo ninaloliona kazini, na wasomaji wengine wana watoto waliofungwa hogo leo. Mguu ulioumia huvimba. Hogo halitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda hubana mishipa, damu inashindwa kufika chini, na ile nyama isiyopata damu haina kinga tena. Kama kulikuwa na kidonda chenye uchafu, vijidudu vinavyostawi pasipo na hewa vinakuwa vimefungiwa mahali wanapopapenda. Kwa hiyo, mtu aliyefungwa hogo akilalamika maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vikawa vya baridi, vikabadilika rangi au vikafa ganzi, au harufu mbaya ikatoka, arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama tarehe ya kliniki bado wiki mbili. Na aliyefungwa banzi na fundi wa mifupa wa kienyeji ni vivyo hivyo. Mguu unaweza kupotea ndani ya saa chache.

Turudi kwa Sudha. Madaktari walimkata chini ya goti, wakaliacha goti. Mtu wa kawaida anaona mguu uliokatwa ni mguu uliokatwa, lakini sisi mafundi swali letu la kwanza huwa ni hilo: goti lipo? Goti likiwepo, mtu anainama, anachuchumaa, anapanda ngazi, anajizuia asianguke, vyote kwa misuli yake mwenyewe. Likikosekana, inabidi goti la bandia, na kila hatua inamgharimu nguvu nyingi zaidi. Sasa itazame bharatanatyam. Mkao wake wa msingi ni nusu ya kukaa: magoti yamekunjwa na kufunguliwa kwa nje, mgongo umenyooka, na mchezaji anapiga ardhi kwa wayo mzima ulio bapa. Yuko pekupeku na njuga miguuni. Kazi kubwa iko kwenye nyonga na magoti, halafu mikono, shingo na macho. Haimdai mchezaji asimame juu ya ncha za vidole kama baleti, ile densi ya Ulaya. Laiti angekuwa anacheza densi ya namna ile, sidhani kama leo tungekuwa tunamzungumzia hivi.

Binti yako naye goti analo. Na ngoma zetu nyingi, ukiacha za kurukaruka, hupigwa kwa wayo mzima na kiuno. Hili mwambie leo.

Umeuliza mguu wake ni wa aina gani. Alipoanzia ni mguu wa Jaipur. Alisoma kwenye gazeti habari za daktari wa mifupa wa mji wa Jaipur, P. K. Sethi, ambaye mwaka huo huo wa 1981 alikuwa amepewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, akamfuata. Mguu huo ulibuniwa Jaipur mwishoni mwa miaka ya 1960, na Sethi hakuubuni peke yake. Aliyeuchonga na kuufinyanga ni fundi wa kazi za mikono aliyekuwa hospitalini hapo, Ram Chandra Sharma, mtu asiye na shule kubwa lakini mwenye mikono ya ajabu. Nalitaja jina lake kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi husahaulika, na pasipo yeye mguu ule usingekuwepo.

Nyayo za bandia zilizokuwa zikitoka nchi za Magharibi wakati ule zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayevaa viatu na kukaa kwenye kiti. Kifundo chake hakikunji. Mkulima wa Rajasthan, jimbo ulimo mji wa Jaipur, anaingia shambani pekupeku, anachuchumaa chooni, anakaa chini kula, anavua viatu hekaluni. Watu walipewa nyayo hizo wakaziacha nyumbani na kurudi kwenye magongo. Sethi na Ram Chandra wakatengeneza wayo wa mpira uliopikwa, wenye vipande vya mpira laini na kipande cha mbao ndani, umbo na rangi kama mguu wa mtu, unaoingia majini, unaokunjika kwenda mbele mtu anapochuchumaa na kuyumba kidogo pembeni anapokanyaga jiwe. Sehemu ya juu siku hizo ilikuwa ya bati la alumini. Unaona jinsi ulivyomfaa mchezaji wa pekupeku, ingawa haukubuniwa kwa ajili ya jukwaa.

Lakini nisikuache na picha kwamba alivaa mguu akasimama akacheza. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyoanza upya kama mtoto, kwanza kutembea, kisha hatua za densi, kwa mazoezi marefu yenye maumivu na damu. Alirudi jukwaani Mumbai mwanzoni mwa 1984. Hesabu kutoka Mei 1981: ni karibu miaka mitatu. Binti yako ana miezi mitano tu na mguu wake wa kwanza, na amekatwa tamaa na mguu ambao, kwa maelezo yako, haumkai. Hajashindwa. Bado hajaanza.

Na hapo ndipo ninapopingana na shemeji, kwa heshima zote. Damu ile imegeuzwa kuwa sifa, kana kwamba ndiyo iliyomfikisha. Mimi naisoma tofauti. Damu kwenye kigutu maana yake ngozi imesuguliwa mpaka ikachanika, na ngozi iliyochanika ikisuguliwa tena inapata jipu, jipu linamlaza mtoto wiki nzima bila mguu, na wakati mwingine linamrudisha chumba cha upasuaji. Sudha alipita kwenye maumivu hayo akatoka salama, namstahi kwa hilo. Kilichomfanya acheze, hata hivyo, ni goti lililookolewa, mguu uliomkaa, na watu waliokubali kuurekebisha ili ufuate mwili wake. Bila hivyo vitatu, ujasiri wote wa dunia unaishia kwenye kidonda. Mtoto akisema mguu unauma, hajawa mvivu. Anakupa taarifa.

Taarifa zake, dada, ziko wazi sana. Ngoja nizichukue moja moja.

Anasema unacheza-cheza na kuumiza chini ya goti. Kigutu kipya kina maji na uvimbe wa upasuaji, na misuli ambayo haitumiki tena hupungua. Miezi ya mwanzo kinakonda haraka, wakati soketi, yaani ile sehemu ya juu inayomeza kigutu, imebaki na kipimo cha siku ile. Ni kama pete kwenye kidole kilichokonda. Sasa, miguu hii ya chini ya goti hatuiundi ili mtu asimame kwenye ncha ya mfupa. Weka kidole gumba chini tu ya kifuniko cha goti lako, ubonyeze: utakuta ukanda mgumu kidogo usiouma. Huo unaweza kubeba uzito, pamoja na nyama za pande zote za kigutu. Soketi ikilegea, kigutu kinazama ndani, ukanda ule unahama kutoka mahali pake, kingo zinakuja kubana pasipostahili, na ncha ya mfupa inagonga chini. Ndiyo maana unamuumiza.

Tunajuaje? Kuna njia rahisi ambayo pengine utaiona ukienda. Fundi anapaka rangi ya mdomo, ile ile ya dukani, kwenye ngozi pale penye mfupa, anamvalisha mguu, anamtembeza hatua chache, kisha anauvua na kuchungulia ndani ya soketi. Mahali rangi ilipobaki ndipo mfupa unapogusa. Au anadondosha kidonge cha udongo laini chini ya soketi: kikitoka vilevile kilivyoingia, kigutu hakifiki; kikitoka kimesagika, kinagonga sana. Halafu anajaribu soksi. Kigutu kikikonda kidogo, soksi moja ya ziada inatosha kumaliza maumivu siku hiyo hiyo. Zikihitajika soksi nyingi mpaka zinafanya mikunjo, soketi hiyo imekwisha, inatakiwa mpya. Kubadilisha soketi ndani ya mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida, hata kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka 13 anayerefuka, tegemea kuja kupimwa kila baada ya miezi michache, na mguu wenyewe kurefushwa au kutengenezwa upya pengine kila mwaka. Waliokupa mguu walipaswa kukueleza hivyo. Kama hawakukueleza, ndiyo maana umekuwa ukiona mtoto anakataa kitu kizima, kumbe kitu chenyewe hakimfai tena.

Anasema akivua kiatu anavutwa nyuma. Hili nalipenda, kwa sababu linaonyesha mtoto ana masikio ya mwili, kitu anachokihitaji mchezaji. Miguu mingi ya bandia inayotolewa Afrika Mashariki ni ya plastiki aina ya polipropilini, teknolojia iliyoenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na wayo wake una kifundo kisichokunja. Fundi anaupanga kwa kimo cha kisigino cha kiatu mlichokwenda nacho. Ukivua kiatu, kisigino kinashuka, mguu wote unainamia nyuma, goti linasukumwa linyooke kupita kiasi. Atasikia kama anapanda mlima. Ukitaka acheze pekupeku, fundi ajue hilo kabla hajaupanga mguu, au aweke kijisigino chembamba cha mpira chini ya wayo kwa ajili ya kucheza tu. Ni marekebisho madogo kabisa, lakini hakuna anayeyafanya kama mgonjwa hakusema.

Na vidole vinavyowasha usiku. Hapo nakuomba umsikilize mtoto na umtulize shangazi kwa upole, maana naye anampenda. Vidole vimeondoka, lakini mishipa ya fahamu iliyokuwa ikivihudumia imekatwa katikati tu, na ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipokea habari zao bado iko kazini, inasubiri. Mshipa ukitoa ishara, ubongo unaisoma vilevile ilivyozoea: vidole vinawasha, vinaungua, vimekunjwa. Karibu kila aliyekatwa kiungo huhisi kiungo hicho kwa namna fulani, na wengi hupata maumivu. Mtoto hajarukwa na akili wala hajavamiwa na kitu. Mnaweza kuanza nyumbani kwa kukipapasa kigutu kwa kitambaa laini kila jioni, kisha kwa taulo, kukigongagonga kwa ncha za vidole, na kukifunga bandeji ya kuvuta inavyoelekezwa, iliyokaza zaidi chini kuliko juu. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha zoezi la kioo, ambapo anauona mguu mzima kwenye kioo kana kwamba ni ule uliokatwa na kuuchezesha. Wengine huwasaidia sana. Kama hayatoshi, kuna dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari. Panadol mara nyingi haifiki huko, na kumwongezea vidonge ni kumharibu ini bure.

Sasa India. Nisikilize vizuri, kwa sababu ni kiwanja chenu. Shirika kubwa linalotoa mguu wa Jaipur, lililoanzishwa na D. R. Mehta mwaka 1975 na kujulikana kwa kifupi kama BMVSS, huwapa wagonjwa mguu bure. Kambi zake zimewahi kufika nchi nyingi za Afrika pia, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo kiwanja mtakachouza kitalipa nauli, viza, malazi na chakula, si mguu. Mnaweza kupata mguu mzuri huko, sikatai. Lakini mwakani mtoto atakuwa amerefuka na kigutu kimebadilika, na kiwanja hakiuzwi mara mbili. Mtoto anayekua anahitaji fundi aliye umbali wa basi, atakayemwona mara kwa mara na kuzijua tabia za kigutu chake. Fundi huyo mnaye. Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilicho pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na kuna hospitali ya CCBRT. Kutoka Tanga, kote huko ni safari ya siku moja. Anzeni Bombo, hospitali yenu ya mkoa, mpate rufaa, na mkiwa na bima muulize mapema inalipa kiasi gani, kwa sababu viungo bandia haviko kwenye kila kifurushi. Idara ya ustawi wa jamii ya hospitali nayo ipo kwa ajili ya wasio na uwezo.

Kama akifika miaka 17 au 18, amemaliza kukua, anacheza kweli na anataka mguu wa pili mahsusi kwa jukwaa, hapo mazungumzo ya India yatakuwa na maana. Zile nyayo za nyuzi za kaboni mnazoziona kwa wanariadha ziacheni kwanza. Ni ghali mno, na kwa mtoto anayekua, kwenye uwanja wa mchanga, pekupeku, sizioni faida yake.

Akishapata soketi inayomkaa, arudi kwenye ngoma kwa mpangilio. Kwanza atembee bila kuchechemea. Kisha asimame juu ya mguu wa bandia peke yake, ameshika kiti, mpaka kiti kisihitajike. Kisha nusu ya kukaa, magoti yote mawili. Hapa mwambieni fundi apunguze ukingo wa nyuma ya goti, la sivyo utambana kila akikunja, atajifunza kuogopa kukunja. Kukanyaga kwa kishindo kuje mwisho, na kuanze taratibu kwenye mchanga au mkeka, si kwenye sakafu ya saruji. Hana misuli ya kifundo ya kupokea kile kishindo, kinapanda moja kwa moja hadi kwenye kigutu. Njuga zianzie mguu mzima, kwa sababu uzito ukiwekwa chini kwenye mguu wa bandia unauvuta utoke. Kila akimaliza, avue, mwangalie ngozi. Wekundu unaopotea ndani ya robo saa hivi ni wa kawaida. Usiopotea maana yake ni kupumzika, na kesho kumpigia fundi.

Na umwambie pia yatakayokuwa magumu, asije akayagundua mbele ya watu: kuruka na kutua kwa mguu ule, kujizungusha haraka juu ya vidole vyake, uwanja wenye mashimo usiku. Mwalimu mzuri wa ngoma anaweza kuzipanga hatua hizo ziangukie mguu wa kushoto. Huko si kudanganya. Wachezaji wote wana mguu mmoja wanaouamini zaidi.

Ulitaka kujua pia kama filamu ni ya kweli. Baada ya kurudi jukwaani, mtayarishaji Ramoji Rao aliamua maisha ya Sudha yawe filamu, akamtaka aigize mwenyewe. Ndiyo Mayuri, ya Kitelugu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Singeetam Srinivasa Rao, na ilimpatia tuzo maalumu ya majaji kwenye Tuzo za Taifa za Filamu za India. Mwaka 1986 ikatolewa upya kwa Kihindi kwa jina la Nache Mayuri, naye tena ndani. Kama ilivyo filamu yoyote, mambo yameongezwa chumvi, lakini anayecheza mle ni yeye, kwa mguu ule ule. Ningependa binti yako aangalie na yaliyofuata. Filamu mbili haziwezi kumlisha mtu maisha yote, na yeye akajenga kazi ndefu kwenye televisheni. Mwaka 2001 akawa Ramola Sikand katika Kaahin Kissii Roz, mwanamke mwenye hila na alama kubwa za kupamba paji la uso ambazo wanawake wa India walizizungumza miaka, kisha Naagin kuanzia 2015, mlikomkuta ninyi. Humo hakuna anayetazama mguu wake. Wanatazama macho na sauti, vitu ambavyo densi ile ya kale humfundisha mtu tangu utoto.

Hata hivyo, Oktoba 2021 alirekodi video akimwomba waziri mkuu wa India awape watu kama yeye kadi maalumu, kwa sababu kila akifika uwanja wa ndege maofisa wa usalama humtaka auvue mguu wakaukague. Miaka 40 baada ya ajali, na sura inayojulikana nchi nzima! Kikosi cha ulinzi kikamwomba radhi. Nakueleza hili kwa sababu binti yako naye atakutana na watu wa kumkodolea macho, kumshika mguu bila ruhusa, kumwambia auonyeshe. Anaruhusiwa kukataa. Ukimfundisha hilo sasa, akiwa na miaka 13, utakuwa umemsaidia kuliko mguu wowote nitakaoutengeneza mimi.

Mambo yafuatayo yasisubiri miadi. Kidonda wazi kwenye kigutu, usaha, harufu au homa. Ncha ya kigutu kuvimba na kuwa na rangi ya zambarau, dalili kwamba juu kunabana na chini kunaning'inia bila kugusa. Ncha ngumu inayosukuma ngozi kutoka ndani, hasa kwa kuwa ni mtoto: mfupa uliokatwa kwa mtoto anayekua huweza kuendelea kurefuka kuliko ngozi, na wakati mwingine unahitaji kupunguzwa na daktari wa upasuaji. Goti kukataa kunyooka kabisa. Kwa hilo, acheni kuweka mto chini ya goti analala, najua linaonekana kama huruma, lakini goti likikakamaa limekunjwa, mguu wa bandia unakuwa mgumu kuvalika. Na kama haendi shule, hali, halali, au anasema bora angekufa, hapo msitafute fundi. Nendeni hospitali ya mkoa mkaombe kuonana na mshauri au daktari wa afya ya akili, wiki hii hii.

Mkienda kwa fundi, mbebe mguu wenyewe hata kama hauvaliki, soksi zake zote, kiatu anachovaa shuleni, na kaptura fupi ili goti lionekane. Mwache mtoto aeleze mwenyewe, kwa maneno aliyokuambia wewe. Acheze kidogo mbele yake, hata kwa kushika meza, ili fundi aone mwili unataka kwenda wapi. Na msiondoke bila kupewa tarehe ya kurudi iliyoandikwa.